Mikrokontrola ni ile chipu, bodi ni nyumba yake

Kijana mmoja aliniletea bodi ya Arduino Uno, ile ya kujifunzia elektroniki, ndani ya mfuko wa nailoni, akaiweka mezani taratibu. "Fundi, mikrokontrola yangu imekufa. Nisaidie kupata nyingine." Nikamuuliza ni ipi iliyokufa. Akaniangalia, akaiangalia bodi, kisha akaizungushia kidole yote, kuanzia tundu la USB hadi safu ya mwisho ya matundu ya waya. "Hii hapa."

Alichonionyesha ni bodi yenye mikrokontrola mbili juu yake, na mojawapo ilikuwa nzima kabisa. Kosa hili la kuiita bodi nzima mikrokontrola nimelisikia mara nyingi mno mwaka huu, tena si kwa wanafunzi peke yao, ndiyo maana naandika.

Maana yenyewe niimalize upesi, kwa kuwa si hapo penye ugomvi. Mikrokontrola ni chipu moja iliyokusanya vitu ambavyo kwenye kompyuta ya kawaida vinakaa mbalimbali: sehemu ya kufanyia hesabu, kumbukumbu ya kuhifadhi programu, kumbukumbu ya kazi, saa za kuhesabia muda, na pini za kusoma na kuamrisha vitu vya nje. Unaiandikia programu moja, unaifungia ndani ya kifaa, nayo inairudiarudia tangu umeme unapowaka hadi unapokatika. Ile kubwa kwenye bodi ya kijana, ATmega328P, ina kilobaiti 32 za programu, kilobaiti 2 za kumbukumbu ya kazi, na kilobaiti 1 ya kutunza vitu visivyotakiwa kupotea umeme ukizimika. Picha moja uliyopiga kwa simu haienei humo. Programu ya kuwasha pampu, kuangalia kina cha maji na kuizima tangi likijaa inaenea, na nafasi inabaki tele.

Sasa tuje kwenye jina, maana jina ndilo linalowapoteza watu.

Nusu ya kwanza, mikro, ni Kigiriki, na maana yake ni "dogo". Wanaojifunza elektroniki wanakutana nayo kwanza kwenye vipimo, ambako mikrofaradi ni sehemu moja ya milioni ya faradi na mikrosekunde vilevile kwa sekunde. Niliwahi kuulizwa, kwa uso usio na mzaha hata kidogo, mikrokontrola ni sehemu ya milioni ya nini. Si ya kitu chochote, bwana mdogo. Hapa mikro ina maana kwamba vyote vimebanwa ndani ya kipande kimoja cha silikoni, basi. Ubaya wake ni kwamba udogo huo unamfanya mtu adhani anatazama kompyuta iliyodumaa, ambayo siku moja itakua. Ndipo unamsikia mwingine akisema chipu ya ESP32, kwa kuwa inakwenda megahezi 240, yaani mapigo milioni 240 kwa sekunde, "siyo mikrokontrola tena, imeshakuwa kompyuta". Haijawa. Kasi haijawahi kuwa kipimo cha jambo hili.

Nusu ya pili ndiyo tamu. Kontrola tumeipata kwa Kiingereza, Kiingereza kiliipata kwa Kifaransa, na ukizidi kurudi nyuma unafika kwenye Kilatini cha zama za kati, contrarotulus. Contra ni "mkabala na", rotulus ni gombo, karatasi ya hesabu iliyoviringishwa. Karani alikuwa na gombo lake la mapato na matumizi, na gombo la pili, lenye mambo yaleyale, lilitunzwa kando. Ukitaka kujua kama hesabu ni safi, unayakunjua yote mawili na kuyalinganisha mstari kwa mstari. Kwa asili, basi, kontrola ni mkaguzi, mtu wa kutazama huku na huku na kusema "hapa hapalingani". Ubwana wa kutoa amri ulikuja baadaye. Wafaransa wameibakiza maana ile ya zamani hadi leo: askari akikusimamisha aone kitambulisho chako, wao wanasema anafanya contrôle, na hajakuamrisha chochote zaidi ya kuonyesha karatasi.

Utasema mambo ya magombo yanahusiana nini na waya na lehemu. Ingia ndani ya ATmega328P uone. Mna saa ya kuhesabu iitwayo Timer 1, nayo ina rejista mbili, yaani vijisehemu vya kushikia namba, zinazotuhusu. Ya kwanza, TCNT1, inashika hesabu inayokwenda. Ya pili, OCR1A, inashika namba uliyoiandika wewe, ikakaa hapo. Uno inapiga mapigo milioni 16 kwa sekunde. Iambie saa iyagawanye kwa 256, nayo inabaki kuhesabu 62,500 kwa sekunde. Andika 62,499 kwenye OCR1A, kwa sababu hesabu inaanza na sifuri, kisha iambie saa irudi sifuri pale namba mbili zinapokuwa sawa. Kuanzia hapo chipu inazitazama rejista zile bila kuchoka na bila programu yako kuingilia. Sifuri, bado. Moja, bado. Mbili, bado. Elfu sitini na mbili mia nne tisini na tisa: sawa. Pini inageuka, taa inawaka. Sekunde moja baadaye, sawa tena, taa inazima. Rejista ni daftari la kumbukumbu, yaani gombo kwa jina jingine, na hapo yako mawili na mkaguzi katikati.

Kila kazi unayompa mtambo huu, ukiivua nguo, unakuta umbo lilelile. Joto unalolitaka liko upande mmoja, joto lililopimwa na sensa liko upande wa pili. Tofauti yao ndiyo inayoamua kama hita iwake au izime. Mwendo wa mota, kina cha tangi, chaji ya betri, yote ni kulinganisha kilichoandikwa na kilichopo.

Kiswahili nacho hakikukosea sana. Kudhibiti kumetoka Kiarabu, mzizi wa dhadi, ba na twa, wenye maana ya kushika barabara, na pia ya usahihi, kufanya jambo lisizidi wala lisipungue. Kidhibiti kinafaa, ingawa mimi karakanani nasema mikrokontrola kama wenzangu. Nisichokivumilia ni "kithibiti-mikro", na nimeshakiona kimeandikwa. Kuthibitisha ni ukoo mwingine kabisa, ule wa thabiti, kukaa imara. Chipu yako inadhibiti joto la tanuri. Kama joto hilo kweli limefika digrii 180, unathibitisha kwa kipimajoto. Herufi moja, na umeshahama neno.

Ukiishika maana hii ya mkaguzi, mikroprosesa inajitenga yenyewe. Prosesa imeitwa hivyo kwa kuchakata: unailetea data, inaifanyia kazi, inaitoa. Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa hodari wa hesabu, lakini peke yake haikufika popote. Ilihitaji ndugu zake, 4001 ya kushika programu na 4002 ya kumbukumbu ya kazi. Mwaka 1974 Texas Instruments wakaingiza sokoni TMS1000, ambayo ilibeba hesabu, programu, kumbukumbu na pini kwenye chipu ileile. Mfano ninaoupenda zaidi ni ile IBM PC ya mwaka 1981. Ndani ya sanduku mlikuwa na mikroprosesa, Intel 8088, imezungukwa na chipu za kumbukumbu. Ndani ya kibodi yake mlikuwa na mikrokontrola, Intel 8048, peke yake, kazi yake kuchungulia vitufe siku nzima: kimebonyezwa, hakijabonyezwa, kimeachiwa. Chipu zote mbili zilitoka kampuni moja na namba zake zinakaribiana, lakini hakuna ambaye angeweza kuzibadilishana nafasi.

Kwa hiyo ukiniambia "Raspberry Pi ni mikrokontrola yenye nguvu", nitakuuliza ipi. Ile iliyotoka mwaka 2012 ni kompyuta. Inaendesha mfumo endeshi kamili, Linux, na ukichomoa umeme ghafla unaweza kuharibu mafaili kwenye kadi yake. Raspberry Pi Pico ya mwaka 2021 ni bodi yenye mikrokontrola iitwayo RP2040. Na hapa nikiri jambo, nisije nikaumbuliwa: RP2040 haihifadhi programu ndani yake. Programu inakaa kwenye chipu ya megabaiti 2 iliyo pembeni, juu ya bodi ileile. Kwa maana niliyoitoa pale juu kwa haraka, imepungukiwa kitu kimoja. Wapenda mipaka iliyonyooka wanakereka sana. Mimi sikereki, kwa kuwa jina hili kwangu ni jina la kazi, na kazi yenyewe inaifanya: pini zake zinasoma, zinalinganisha, zinajibu kwa wakati.

Viwandani kosa linakuja kwa mlango mwingine. Mtu anafungua kabati la umeme, anaonyesha PLC, kile kifaa cha viwandani cha kuendeshea mitambo kwa programu, anasema "mikrokontrola ndiyo hii", kwa hoja kwamba ndiyo inayodhibiti mtambo. Kudhibiti inadhibiti, kweli. Lakini PLC ni kifaa kamili chenye kinga zake, skurubu za kufungia waya, na pini za kupokea volti 24 zilizotengwa na saketi ya ndani ili mota kubwa ikiwaka jirani isivuruge kitu. Ndani yake utakuta mikrokontrola au mikroprosesa, kama unavyoikuta ndani ya jiko la maikrowevu. Na kama bado una ubishi, Modicon 084, mama wa PLC zote, ilifika kwa mteja wake mwaka 1969, miaka miwili kabla ya 4004. Haiwezekani iwe ni kitu ambacho kilikuwa hakijazaliwa.

Nirudi kwa Arduino, maana huyu ndiye aliyemeza majina ya wenzake. Arduino alikuwa mfalme wa Italia kuanzia mwaka 1002 hadi 1014, aliyekuwa mtawala wa Ivrea. Mji huohuo ukawa na baa yenye jina lake, na mwaka 2005 walimu na wanafunzi wa chuo cha usanifu cha hapo, waliokuwa wakikutana kwenye baa hiyo, wakaupa mradi wao jina hilo. Mradi ulihusu bodi na programu ya kuiandikia. Chipu walinunua kwa wengine, Atmel. Ndiyo maana Uno R4 ya mwaka 2023 imebeba chipu tofauti kabisa, ya Renesas, na bado ni Arduino halali. Na ukitaka kuiacha bodi, chomoa ATmega328P, iweke kwenye ubao wa majaribio, iwekee resista ya kilo-omu 10 kwenye pini ya riseti, kristali ya megahezi 16 na kapasita zake mbili ndogo, uipe volti 5. Programu yako itaendelea kana kwamba haikuhama.

Kijana wangu sasa. Alikuwa ameunga koili ya rilei, ile swichi inayowashwa kwa umeme, moja kwa moja kwenye pini namba 8. Koili ile ya volti 5 inavuta miliampia 70 hivi, wakati pini ya ATmega328P ikishapita 40 ipo kwenye hatari ya kuungua. Hapakuwa na transista ya kubeba mzigo, wala dayodi ya kumeza mshtuko wa umeme koili inapozimwa. Lakini nilipoichomeka bodi kwenye kompyuta, kompyuta iliitambua mara moja, na hiyo ni kazi ya mikrokontrola ya pili, ATmega16U2, ile ndogo ya mraba karibu na tundu la USB, ambayo kwenye Uno R3 hutafsiri kati ya USB na chipu kubwa. Huyo alikuwa hai. Mgonjwa alikuwa mmoja, tena kwenye Uno ya aina hii amekaa kwenye soketi.

Nikaingiza bisibisi bapa upande mmoja, nikainua kidogo, upande wa pili, kidogo, nikibadilishana hadi miguu yote 28 ilipotoka imenyooka. Nikachomeka nyingine iliyokwisha wekewa programu ya kuanzia, kile kikato cha nusu duara kikitazama upande uleule. Taa ya bodi ikaanza kupepesa.

"Kumbe inatoka?" akasema.

Juzi alinitumia taarifa ya mradi wake niipitie. Mradi ni mzuri, rilei sasa ina transista na dayodi. Kwenye orodha ya vifaa ameandika: "Mikrokontrola: Arduino Uno." Nimemwomba abadilishe mstari huo tu, uwe "Bodi: Arduino Uno R3. Mikrokontrola: ATmega328P", kama ilivyoandikwa mgongoni mwa chipu aliyoishika kwa mkono wake. Akauliza kama na ile ya USB aitaje. Nikamjibu si lazima, ila akiitaja sitalalamika.