Kobalti, chumvi na shingo ya mtoto mchanga

Hapa Lubumbashi, mama mwenye mimba anayeishi jirani na mgodi au kiwanda cha shaba huniuliza kama vumbi litamwumiza mtoto. Yeye anawaza mapafu. Mimi, daktari wa watoto wachanga, nawaza pia shingo.

Tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, huchukua iodini kutoka kwenye damu na kutengeneza homoni inayojenga ubongo. Karibu miezi mitatu ya kwanza ya mimba, mtoto hutegemea homoni ya mama. Hata tezi yake ikianza kazi, iodini yote bado inapitia kwa mama.

Kobalti, madini yanayochimbwa pamoja na shaba, huzuia kazi hiyo. Miaka ya 1950 madaktari waliitoa kama dawa ya upungufu wa damu, na baadhi ya watoto wakaota rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo shingoni. Dawa ilipokatizwa, shingo zikanywea. Kipimo kile kilikuwa kikubwa kuliko kinachoingia mwilini kwa vumbi, kwa hiyo simtishi mama yeyote. Lakini mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga, eneo letu hili la migodi. Kwa walioishi karibu na migodi, kobalti ilizidi yote yaliyowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida, na watoto waliwazidi wakubwa. Hilo siwezi kulipuuza.

Mihogo isiyolowekwa vizuri nayo huzaa kemikali iitwayo thiosianati mwilini, na hiyo hugombea na iodini mlango uleule wa kuingia kwenye tezi. Sigara huleta ileile. Mama mwenye iodini ya kutosha huhimili; mwenye kidogo huzidiwa, na mtoto wake pamoja naye. Mjamzito anahitaji mikrogramu 250 kwa siku. Kwa hiyo mama, nunua chumvi yenye iodini, ifunike vizuri, na uitie kwenye sombe (mboga ya majani ya mihogo) ikikaribia kuiva. Futa vumbi kwa kitambaa kibichi. Nguo za baba anayechimba zifuliwe peke yake. Pemba nayo, ule udongo wanaokula wajawazito, tafadhali iache: udongo unaweza kubeba madini.

Tone la damu ya kisigino, siku chache baada ya kuzaliwa, hutosha kugundua tezi iliyolegea, na dawa ikianza ndani ya wiki 2 ubongo huokolewa. Hapa kwetu kipimo hicho bado hakimfikii kila mtoto. Basi wauguzi wenzangu, mkiona manjano isiyokwisha baada ya wiki 2, mtoto anayelala mno, anayenyonya kwa ulegevu na kukosa choo, msimwambie mama asubiri. Ombeni kipimo siku hiyohiyo.