Kukwangua kadi ya simu kwa kucha hakuleti saratani

Ujumbe huu unazunguka kwenye magrupu ya Malindi miaka nenda miaka rudi: usikwangue kadi ya kredo kwa kucha, kwani ile rangi ya fedha ina "silva nitro oksaidi" iletayo saratani ya ngozi.

Si kweli. Utando ule kwa kawaida ni wino wa lateksi uliotiwa unga wa alumini au rangi nyeusi ya kaboni, ili namba zisisomeke hata kadi ikimulikwa kwa tochi. Rangi ni ya fedha, madini ya fedha hamna.

Kuhakiki si kazi. Fungua kitabu cha kemia cha sekondari: utakuta nitrati ya fedha na oksidi ya fedha, lakini hilo jina la kwenye ujumbe hulioni. Nadhani mkanganyiko umeanzia hapo, maana nitrati ya fedha huacha doa jeusi kwenye ngozi, na anayekwangua kadi naye hubaki na weusi chini ya ukucha. Wa kadi hutoka kwa maji na sabuni. Nawa kabla ya kushika mahamri, basi.

Saratani nyingi za ngozi husababishwa na miale ya jua, na walio hatarini zaidi hapa pwani ni ndugu zetu wenye ualbino. Heri grupu la familia likumbushane kofia pana na mikono mirefu. Huo wa kadi ukikufikia usiusambaze, hata kama umetoka kwa shangazi mwenye nia njema.

Ila kwangua taratibu. Namba ikichubuka, utaanza kubembelezana na mwenye duka.