Ulimwengu pepe: kwa nini mwili huuamini hata akili ikikataa

Neno "pepe" lilikuwepo katika Kiswahili kabla ya kompyuta. Pepe ni punje ya nafaka isiyo na kiini. Ukiitazama kwa nje inafanana na punje nyingine zote. Ukiibonyeza kwa kidole, unakuta ganda tupu. Leo neno hilohilo limo katika "barua pepe" na katika "uhalisia pepe", ambao wengi huuita VR, kifupi cha Kiingereza virtual reality. Nalipenda jina hili, lakini naona linaeleza nusu tu ya jambo. Kilicho pepe ni vile vitu: ukuta, meza, shimo. Mtu anayeingia humo si pepe. Moyo unaodunda ni wake, jasho ni lake, na anachojifunza au kinachomtisha humo hutoka naye akivua ile miwani maalumu ya kuingilia humo.

Ulimwengu pepe ni mazingira yaliyotengenezwa kwa kompyuta ambayo mtu hayatazami kwa mbali kama anavyotazama televisheni, bali hujikuta yumo ndani yake. Akigeuka, anaona kilichokuwa mgongoni kwake. Akichuchumaa, anaona uvungu wa meza. Akinyoosha mkono, mkono huo unaonekana mbele yake na unaweza kuokota kitu. Hapo ndipo tofauti na filamu ilipo: filamu huendelea ilivyopangwa hata ukisinzia, ilhali ulimwengu pepe hubadilika kila unapotikisa kichwa.

Dhana mbili za jirani huchanganywa na hii. Uhalisia ulioongezwa haukutoi ulipo; unakuwekea picha juu ya mazingira yako halisi, kama ilivyofanya gemu ya Pokémon GO mwaka 2016 kupitia kamera ya simu. Metavesi nayo ni wazo la malimwengu pepe mengi yaliyounganishwa, ambamo watu hukutana, hufanya kazi na kununua vitu. Neno hilo lilitoka katika riwaya ya Neal Stephenson, Snow Crash, ya mwaka 1992, na likaenea kila mahali mwaka 2021 kampuni ya Facebook ilipojiita Meta.

Sasa tuangalie kinachofanyika ndani ya ile miwani, maana hapo ndipo penye utamu. Mbele ya kila jicho kuna kioo kidogo cha picha, na kati ya kioo na jicho kuna lenzi. Picha mbili zinazoonyeshwa hazilingani kabisa. Moja imechorwa kama inavyoonekana kutoka jicho la kushoto, nyingine kutoka la kulia. Ubongo huziunganisha na kupata kina. Siri hiyo ni ya zamani: Mwingereza Charles Wheatstone aliionyesha mwaka 1838 kwa kutumia vioo na michoro miwili. Mboni za macho ya mtu mzima zimeachana kwa takriban milimita 63, lakini kila mtu ana kipimo chake, na ndiyo maana miwani nyingi huwa na sehemu ya kusogeza lenzi. Anayeruka hatua hiyo huona ukungu, kichwa kikamuuma, akaondoka akidai teknolojia yenyewe ni mbovu.

Picha mbili peke yake hazitoshi. Vihisi vilivyo ndani ya kifaa hupima kichwa kimeelekea wapi na kimesogea kiasi gani, kisha kompyuta huchora upya dunia nzima kwa mtazamo huo mpya. Kazi hii lazima ifanyike haraka mno. Filamu ya kawaida huonyesha picha 24 kwa sekunde. Miwani nyingi za VR huonyesha 72, 90 au zaidi. Watengenezaji hujitahidi muda kati ya kichwa kusogea na picha kubadilika usizidi milisekunde 20. Ukizidi, dunia huonekana kuburuzwa nyuma ya macho, na tumbo hulalamika kabla ya akili kugundua kuna tatizo.

Haya yote hayakuzuka jana. Mmarekani Morton Heilig alipata hataza, yaani haki rasmi ya uvumbuzi, mwaka 1962 ya mashine aliyoiita Sensorama: mtu alikaa kwenye kiti kinachotikisika, akatazama filamu yenye kina huku akipulizwa upepo na harufu. Mwaka 1968 Ivan Sutherland alionyesha kifaa cha kuvaa kichwani kilichoning'inizwa darini, kikichora maumbo ya mistari mitupu yaliyobadilika mvaaji aliposogeza kichwa. Jaron Lanier na kampuni yake walilitangaza jina la uhalisia pepe katika miaka ya 1980. Kilichochelewa ni bei na wepesi wa vifaa. Wazo lenyewe lilikuwepo.

Kuna zoezi moja ambalo nalitumia kila ninapotaka kumweleza mtu jambo hili. Weka ubao sakafuni, mvalishe mtu miwani, kisha muonyeshe kwamba ubao huo umetokeza nje ya ghorofa ndefu na chini yake ni barabara yenye magari madogo kama siafu. Mwambie atembee hadi mwisho wa ubao. Anajua yuko chumbani. Ameuona ubao kwa macho yake dakika moja iliyopita, na zulia analihisi kwenye vidole. Hata hivyo magoti yanalegea. Anaburuza mguu badala ya kuunyanyua, mikono inapanuka kutafuta mhimili, na sauti inabadilika. Wengine hukataa kabisa kupiga hatua. Mimi mwenyewe nilifika katikati nikasimama, nikasikia viganja vimelowa. Niliambiwa, "Ruka tu, ni sakafu." Nilijua ni sakafu. Sikuruka.

Mtafiti Mel Slater amelieleza hili vizuri kwa kutenganisha hisia mbili. Ya kwanza ni ile ya "niko hapa", na huletwa na macho na mwili kukubaliana: nikigeuka, dunia inageuka inavyotakiwa. Ya pili ni ya "hiki kinatokea kweli", na huja pale ulimwengu unapokujibu, kwa mfano mtu wa humo anapokutazama usoni unapomsogelea. Zikikutana hizo mbili, mtu hutenda kama ambavyo angetenda mahali halisi, ingawa hajadanganyika akilini. Ndiyo maana utamwona mtu amemaliza mchezo, anataka kuweka kidhibiti cha mkononi juu ya meza aliyokuwa akiiona humo, na kidhibiti kinaanguka sakafuni.

Nguvu hiyo ina manufaa makubwa, na mfano unaonigusa zaidi ni wa waliopata majeraha ya moto. Kusafisha kidonda cha moto na kubadilisha bandeji huumiza sana, hata mgonjwa akiwa amepewa dawa kali. Katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, Hunter Hoffman na David Patterson walitengeneza ulimwengu wa barafu uitwao SnowWorld, ambamo mgonjwa hupita bondeni akirusha mipira ya theluji huku wauguzi wakishughulikia kidonda. Wagonjwa walieleza kwamba maumivu yalipungua sana. Sababu yake inaeleweka: ili maumivu yasikike sawasawa yanahitaji umakini wetu, na umakini mwingi sasa umekwenda kwingine. Kwa njia inayokaribiana na hiyo, Barbara Rothbaum na wenzake walichapisha mwaka 1995 matokeo ya kuwatibu watu wenye hofu ya urefu kwa kuwapandisha kidogokidogo kwenye madaraja, roshani na lifti za vioo, vyote pepe. Hofu ilipungua. Kama shimo pepe lingekuwa tupu kweli, tiba hiyo isingefanya kazi.

Marubani wamefunzwa kwa vifaa vya kuigiza urukaji tangu enzi za mvumbuzi wa Marekani Edwin Link, miaka ya mwisho ya 1920, na leo madaktari wa upasuaji, wazimamoto na mafundi wa mitambo hufanya mazoezi yao vivyo hivyo. Kosa la humo halimuui mtu, na zoezi laweza kurudiwa mara hamsini.

Jambo hugeuka tunapouliza nani anakuwa nani humo ndani. Mtu huingia akiwa na avata, yaani mwili wa kuchorwa anaouchagua au kupewa. Mwaka 2007 watafiti Nick Yee na Jeremy Bailenson waligundua kwamba waliopewa avata ndefu walikuwa wagumu zaidi katika mapatano ya kugawana fedha kuliko waliopewa fupi. Hakuna aliyewaagiza, mwili waliojiona nao uliwasukuma. Kwa sababu hiyohiyo sikubaliani na wanaosema anayetukanwa au kushikwashikwa katika ulimwengu pepe "avue tu miwani". Mwili unaoganda juu ya ubao ndio huohuo unaovamiwa pale, na mshtuko wake ni wa kweli. Malimwengu pepe kadhaa yamewekewa kizuizi kisichoonekana kinachomzuia mgeni asimkaribie mtu kupita kiasi. Nadhani kizuizi hicho kinapaswa kuwa kimewashwa tangu mwanzo, asiyekitaka ndiye akizime.

Kuhusu afya, linalowasumbua wengi ni kichefuchefu. Macho yanasema tunakimbia. Sikio la ndani, linalopima mwendo na mizani ya mwili, linasema tumekaa. Ubongo haupendi ushahidi unaopingana. Pia macho huchoka kwa kuwa hujipinda kufuata kitu kinachoonekana kiko karibu huku lenzi za macho zikibaki zimelenga umbali uleule wa picha. Anza kwa dakika chache, chagua programu ambazo mwendo wake ni wa miguu yako mwenyewe, na ukianza kuona joto usoni vua mara moja. Kujikaza hakusaidii.

Halafu kuna taarifa. Miwani haiwezi kufanya kazi bila kupima kichwa na mikono yako muda wote, na mwendo wa mtu ni kama mwandiko wake. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba mchezaji mmoja kati ya zaidi ya 50,000 aliweza kutambuliwa kwa usahihi wa asilimia 94 kutokana na sekunde 100 tu za mwendo huo. Hakukuwa na jina, picha wala sauti. Baadhi ya vifaa hufuatilia pia macho yanatua wapi, na jicho hutua kwenye kitu kabla mwenyewe hajaamua kama anakipenda. Kabla ya kununua, tazama kama kifaa kinaruhusu ufuatiliaji wa macho uzimwe.

Watoto ndio wanaonifanya niwe mwangalifu zaidi. Mwaka 2009 Kathryn Segovia na Jeremy Bailenson waliwaonyesha watoto, kwa njia ya uhalisia pepe, wakiogelea na nyangumi. Siku kadhaa baadaye, baadhi ya wale wa umri wa shule ya msingi walilieleza tukio hilo kama jambo lililowahi kuwatokea kweli. Hawakuwa wakisema uongo. Waliliona kwenye kumbukumbu zao kama wanavyoona mengine. Kwa hiyo mtoto mdogo akivaa miwani hii, mimi ningekaa kando yake. Akishavua ningemuuliza ameona nini, kisha tungezungumza pole pole kipi kilikuwa ndani ya miwani na kipi kipo hapa chumbani.