Mtoto akinywa maziwa anaharisha: maswali na majibu

Mwanangu ana mwaka mmoja na nusu. Aliharisha wiki mbili zilizopita akapona, lakini sasa kila akinywa maziwa ya ng'ombe tumbo linaunguruma na anaharisha tena. Ni maziwa?

Huenda. Sukari ya maziwa, yaani laktosi, lazima ivunjwe na kimeng'enya kwenye utumbo mwembamba ndipo mwili uifyonze. Kimeng'enya hicho hukaa kwenye ncha za vinyweleo vidogo vya utumbo, na ncha hizo huharibiwa na virusi vya kuhara kama rota. Laktosi isiyovunjwa hushuka utumbo mpana, huvuta maji, na bakteria waliomo huichachua ikatoa gesi na asidi. Ndiyo maana choo huwa cha majimaji, chenye povu na harufu ya uchachu, na makalio hubabuka hata ukiwahi kubadilisha nepi. Vinyweleo vikiota upya, mara nyingi ndani ya wiki 2 hadi 4, tatizo huisha.

Nitahakikishaje kwamba ni maziwa?

Kwa daftari na saa. Kwa siku 7 andika kila alichokula, kiasi, saa aliyokula, na choo kilikuwaje. Shida ya laktosi kwa kawaida huonekana kati ya dakika 30 na saa 2 baada ya kunywa. Usiandike "uji" tu. Andika uji uliwekewa nini, kwa sababu maziwa hujificha kwenye uji, chai, maziwa ya unga na hata biskuti. Andika na juisi: mtoto wa umri huu asizidishe mililita 120 kwa siku, maana sukari ya matunda ikizidi nayo huharisha.

Kisha ondoa maziwa ya wanyama peke yake kwa wiki 2. Choo kikitengemaa, mrudishie mililita 30 hadi 60 pamoja na chakula. Dalili zikirudi, umepata jibu. Kama kuyaondoa hakukubadilisha chochote, mrudishie maziwa yake na utafute chanzo kingine pamoja na daktari. Wazazi wengi huondoa maziwa, mayai na maharage kwa mpigo. Mtoto hukonda na chanzo hakijulikani.

Na kama ni mzio?

Mzio ni kinga ya mwili kupigana na protini ya maziwa, na kiasi kidogo sana kinatosha kuuamsha. Tazama vipele vinavyowasha, midomo au macho kuvimba, kutapika ghafla, kifua kubana. Mtoto aliyewahi kupata dalili hizi usimjaribishe maziwa nyumbani. Akivimba uso au akipumua kwa shida, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Nimwachishe kunyonya? Nimpe maziwa ya mbuzi?

Usimwachishe. Maziwa ya mama yana laktosi, lakini yanamlinda na kumlisha, na watoto wengi hupona huku wakinyonya. Maziwa ya mbuzi nayo yana laktosi, na kuchemsha hakuiondoi. Kuongeza maji kunapunguza lishe tu. Mtindi usio na sukari ni afadhali, kwa kuwa bakteria wake wameshakula sehemu ya laktosi: anza na vijiko vitatu vya chai, uongeze kidogo kidogo. Pengo la maziwa lizibe kwa yai, maharage yaliyopondwa, na dagaa waliosagwa na mifupa yao, ambao wana kalsiamu nyingi.

Wakati gani nisingoje?

Macho yakizama, akilia bila machozi, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akiwa na homa kali au damu kwenye choo. Njiani endelea kumpa ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, pakiti moja kwenye maji safi kiasi kilichoandikwa juu yake, kwa kawaida lita 1. Chini ya miaka 2 hupewa mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha. Angalia pia kadi ya kliniki: mstari wa uzito ukilala au kushuka, mpeleke akapimwe hata kama anacheza vizuri, na uende na lile daftari.