Kushindwa kusimamisha uume si suala la uzee pekee
Wengi huamini kwamba mwanamume anayeshindwa kusimamisha uume amezeeka au hana tena hamu na mwenzake, ilhali mara nyingi chanzo ni mishipa ya damu. Mishipa ya uume, yenye upana wa takriban milimita 1 hadi 2, ni myembamba kuliko ile ya moyo, hivyo athari za kisukari, shinikizo la damu na sigara huweza kuonekana hapo mapema, pengine miaka kadhaa kabla ya maumivu ya kifua. Kwa hiyo ninasihi sana mwenye tatizo hili apimwe kwanza sukari, presha na lehemu (mafuta kwenye damu), asinunue vidonge vya kusimamisha uume kiholela, kwa kuwa vikichanganywa na dawa za moyo za jamii ya naitreti huweza kushusha presha kwa kiwango cha kuua. Kuacha sigara, kufanya mazoezi na kupunguza uzito uliozidi huilinda mishipa hiyo.