Mikono ya kasi haimfanyi mtu kuwa mpiga ngoma bora

Kwenye kibanda cha chai kando ya River Road, vijana wawili walikuwa wakibishana juu ya mpiga ngoma bora duniani. Mmoja akatoa simu, akaonyesha jamaa anayepiga kama mvua ya mawe. "Cheki, mikono hata haionekani! Nani atamfikia?"

Hapo ndipo wengi hupotea. Kasi ni ufundi, sikatai, lakini kwenye bendi kazi ya kwanza ya mpiga ngoma ni kushika mwendo ili gitaa na mwimbaji wapate pa kukanyaga.

Msikilize Clyde Stubblefield, aliyempigia ngoma mwimbaji wa Marekani James Brown. Katika "Funky Drummer", rekodi iliyotoka 1970, anaachiwa sekunde chache peke yake, na hafanyi mbwembwe zozote. Toazi linatembea bila kuchoka. Ngoma ndogo inagongwa kwa nguvu, kisha katikati inaguswaguswa kwa wepesi, karibu kunong'ona. Ukiviondoa vile vinong'ono, mdundo unabaki mifupa. Wana rap wamekikata na kukitumia tena kipande hicho katika mamia ya nyimbo. (Yeye mwenyewe hakuandikwa kama mtunzi, kwa hiyo mirabaha ikampita.)

Mpiga ngoma Tony Allen wa Lagos, nguzo ya Afrobeat, muziki wa Mnigeria Fela Kuti, alikipa kila kiungo kazi yake, mikono miwili na miguu miwili, wala hakupiga kelele.

Yule kijana wa simu aliposikia Stubblefield, alisema, "Lakini hii ni rahisi." Meza ilikuwapo, nikamwambia aujaribu mdundo huo juu yake kwa vidole. Chai yake ilipoa.