Gemu za zamani: anza na ulizocheza, achana na listi ya adimu

Wakuu, wiki hii nimeulizwa mara tatu hapa kwenye kibanda changu cha ufundi Kaloleni, Arusha: mtu akitaka kukusanya gemu za zamani aanze na zipi? Wa mwisho ni chalii mmoja kaja na simu ina listi ndefu ya gemu "adimu" za kukusanya, kaitoa mtandaoni, anataka nimtafutie moja moja. Nikamuuliza we mwenyewe utotoni ulicheza zipi? Kakaa kimya kidogo, akasema Contra na ile ya vifaru. Nikamwambia aisee zima hiyo simu, tuanzie hapo hapo.

Zile listi wameandikiana Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, na utoto wao sio wetu. Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, imetoka Japani Julai 1983, Marekani wakaanza kuipata 1985 kwa jina la NES, sisi huku bara ITV yenyewe imeanza kurusha matangazo 1994, kwahiyo wengi wetu Famicom orijino hatujawahi kuiona kwa macho, tulichoona ni kopi zake, Terminator na ndugu zake, kwa nje wameiga umbo la mashine nyingine, Sega Mega Drive, ila ukifungua ndani ni Famicom tupu. Na ile ya vifaru inaitwa Battle City, ya kampuni ya Namco, 1985, haikutolewa kabisa kwenye NES ya Marekani, wakati mtaani kwetu mtoto asiyejua kulinda yule tai wa pale chini alikuwa hapewi pedi ya kuchezea. Sasa listi ya Mmarekani itaikumbukia wapi?

Mi gemu naipima hivi. Nampa pedi mtu ambaye hajawahi kuiona, simwambii kitu, namwangalia tu. Kama dakika haijaisha na keshajua nini kinamuua, hiyo nanunua. Super Mario Bros. ya 1985 inafaulu huu mtihani kuliko zote, unatokea upande wa kushoto, kulia kuko wazi, kile kiuyoga chenye hasira kinakuja, unakufa, unarudi, safari hii unaruka, na hamna mtu aliyekufundisha. Contra nayo inafaulu, tena inachezwa na wawili kwa wakati mmoja, na gemu ya wawili kwangu ina alama za ziada sababu kabati la gemu ambalo hamna mtu anakuja kukaa nawe ulicheze ni stoo tu.

Kabla ya kaseti za gemu lakini, tafuta TV ya kichogo. Najua watu wanazitupa, ndo nzuri hiyo, okota. Chukua Duck Hunt, ile ya bunduki ya bata. Watu wanadhani bunduki inarusha mwanga kwenye TV, kumbe ni kinyume, yenyewe ni jicho. Ukivuta triga skrini inakuwa nyeusi kwa kufumba na kufumbua halafu pale alipo bata panatokea kiboksi cheupe, jicho la bunduki likiona weupe basi umepata. TV ya kichogo inachora ile picha papo hapo, flati inachelewa kidogo, na huko kuchelewa tu kunatosha usipate bata hata mmoja mpaka asubuhi. Nshaletewa bunduki tatu nne za kutengeneza na zote zilikuwa nzima.

Haya, kaseti yenyewe. Usinunue kwa picha ya juu, picha anaprinti yeyote. Beba bisibisi, ila kaseti za NES zinataka bisibisi yake maalumu ya milimita 3.8, hizi za kopi nyingi zinafunguka na ya kawaida au na kucha. Ndani utakuta bodi ndogo ya kijani au ya kahawia. Orijino mara nyingi ina chip nyeusi za mstatili zenye miguu, maandishi yake yamekaa vizuri na risasi ya kuchomea imeshikwa safi. Kopi ina doti jeusi la gundi kama tone la lami lililoangukia kwenye bodi, chip imezikwa humo. Ila usikimbilie kuhukumu, kuna kaseti halali za Famicom ambazo nazo zina doti, kwahiyo angalia vyote kwa pamoja, doti na risasi na maandishi. Zile za 9999 ndani ya moja mnazijua wenyewe, gemu ni chache tu zinajirudia, Mario namba 3 na Mario namba 460 ni yule yule, tofauti kaanzia steji nyingine. Mi ninazo mbili na siziuzi. Ni feki, sawa, lakini ndo feki tuliyokua nayo, kabati la mtu wa Arusha lisipokuwa na hiyo linadanganya.

Kupuliza acheni jamani. Mate yanabaki kwenye zile pini na kutu inaanza. Chukua pamba na spiriti, futa mpaka pamba itoke safi, acha ikauke.

Gemu za kusevu kama The Legend of Zelda zina betri ndani, CR2032, hii ya kawaida kabisa, ikifa na kazi yako yote inakufa. Kubadilisha ni kazi ndogo ya kuchomea lakini muuzaji akikuambia "inasevu", mwambie asevu, azime, awashe tena mbele yako.

Na msinunue kwa papara kama mimi. Ndugu wa rafiki yangu alituletea kaseti tano za NES toka Marekani, tukafurahi, kuzijaribu kwenye Terminator haziingii, za Marekani zina pini 72 na mashine zetu zina 60, bila adapta ni mapambo. Halafu Famicom orijino yangu ya kwanza, Japani umeme wao ni volti 100, mi nikachomeka adapta yake ya umeme kwenye soketi yetu ya 230 kwa furaha, ikatoa moshi hata sijakaa kwenye kiti. Fundi wa umeme mzima! Sikumwambia mtu mwaka mzima.

PlayStation ya kwanza ni rahisi zaidi kukagua, geuza CD, orijino upande wa chini ni nyeusi. Tekken 3 chukua bila kufikiri. Za mpira, moja ya kumbukumbu inatosha, mwaka ukipita hamna anayezitaka.

Juzi Jumamosi kaja dereva boda kuchukua redio yake, akakuta nimewasha Contra naijaribu. Kaomba pedi. Juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A, stati, ile kodi ya siri, anaongea na mimi kuhusu bei ya petroli wala vidole haviangalii, laifu 30 hizo hapo. Tumeenda mpaka yule bosi wa maporomoko. Redio akaisahau, karudi kuichukua Jumatatu.